Bibi Mwembamba wa Ng'ambo ya Mto

Mama,

Sijui kama habari zinafika huko uliko, kwa hiyo naanza na zile nyepesi. Chemchemi bado inatoka. Wageni bado wanainama kuonja maji na kusema ni matamu, kana kwamba sisi ndio tuliyatia sukari. Mto umekauka tangu Juni, umebaki mchanga mtupu, na watu wa Dodoma wanashangaa vilevile ukichimba kwa mikono mpaka maji yatokee. Siku hizi ni wengi kuliko wakati wako. Jumamosi wafanyakazi wa ofisi za serikali kule Mtumba wanakuja na magari yao asubuhi, jioni wanarudi zao. Kazi yako ya kuwatembeza nimeirithi yote, pamoja na ile kofia ya ukindu.

Sasa ile nzito. Mama, Bibi Mwembamba ameharibika, na mimi ndiye niliyemharibu.

Nakumbuka ulivyokuwa unafanya. Unawavusha wageni, unawapandisha mpaka chini ya jiwe, unawakalisha kimya. "Ngojeni jicho lizoee." Wananung'unika, wanachezea simu, halafu mmoja anapiga ukelele kwamba amemwona: mwanamke mwekundu, mrefu, kichwa kikubwa, mkono ameunyoosha mbele, amechorwa jiweni na watu ambao hata bibi yako hakuwajua. Unatabasamu kama wewe ndiye uliyemzaa. Na mimi ulinikataza jambo moja tu. "Usimmwagie maji, hata akija waziri."

Mimi sina subira yako. Mwezi wa pili baada ya arobaini yako walikuja wanane, jua la saa saba, na mmoja akasema kumbe wamesafiri kote huko kuja kutazama jiwe tupu. Niliona aibu. Nikachukua chupa ya maji nikamrushia Bibi. Akatokea mwekundu mbichi, utadhani kachorwa asubuhi ile. Walipiga makofi, wakapiga picha, wakasambaza. Waliofuata wote walimtaka hivyohivyo, nami nikawa namwogesha kila Jumamosi.

Kufikia Septemba kitu cheupe kilikuwa kimemtambaa, kama ile chumvi inayotoka kwenye mtungi wa zamani. Niliogopa. Nikaenda peke yangu nikamsugua kwa kanga, na ule mkono alioukunjua miaka yote hiyo ukabaki kwenye kanga. Ulikuwa vumbi jekundu tu, Mama. Nililikung'uta mchangani nikarudi nyumbani kupika.

Kamati ya kijiji iliponiita nilisema ni mbuzi. Nilisema wafugaji wanawapumzisha pale kivulini, nao wanajikuna kwenye jiwe. Kila mtu anajua mbuzi wa pale ni wa Mama Gidamis, yuleyule aliyekuwa anakuletea maziwa ulipokuwa hujiwezi. Sikumtaja jina, na nilijiona mwema kwa kutomtaja. Wakampiga marufuku kupita kwenye jiwe, na njia ya hapo ndiyo inayoshuka kwenye visima vya mchangani. Sasa anazunguka kilima kizima kwenda kunywesha. Vitoto vitatu vya mbuzi vimemfia njiani. Sokoni watu wanampa mgongo.

Jana nilikuja kaburini kwako. Nilimkuta Mama Gidamis amepiga magoti, anapanga upya mawe yaliyosogezwa na ng'ombe. Nilimwamkia. Akanishika mkono.

"Pole, mwanangu. Nasikia jiwe la mama yako limeharibika. Mimi mbuzi nawaangalia sana, lakini labda walinipita. Unisamehe."

Aliniomba mimi msamaha, Mama. Na unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Nimeshasamehe." Nilisema hivyo nikiwa nimesimama juu ya kichwa chako. Akashukuru, akachukua fimbo yake, akaenda kuanza kuzunguka kilima.

Tangu pale nauchukia huu mdomo wangu. Nilidhani kufiwa na wewe ndiyo mwisho wa uchungu, kumbe kuna na uchungu wa kuwa mtu ambaye wewe usingependa kumwona.

Ijumaa kuna mkutano kwenye ofisi ya mtendaji. Nitasimama, na yeye akiwepo. Sitasema "wafugaji," sitasema "bahati mbaya." Nitasema ni mimi, nitaeleza maji, nitaeleza na kanga. Wakiamua nisiwatembeze wageni tena, kofia yako nitaitundika ukutani na sitamlaumu mtu. Bibi hatarudi, hilo nimeshalijua. Lakini njia ya kwenda visimani inaweza kufunguliwa kwa maneno yangu, kama ilivyofungwa kwa maneno yangu, na hilo nakuahidi nitalifanya.

Pumzika, Mama. Leo sikuombi unisamehe. Nitakuja kukuomba wewe nikishatoka kumwomba yeye.

Mwanao,
Mwajuma