Kifimbo cha Mama kwa Droo Yangu

Jumamosi, Agosti 1999

Kabati mpya za jikoni nazipenda, lakini mlango wa ile ya chini ya sinki haufungi vizuri. Fundi ni shemeji yangu, ndugu ya mume wangu, sasa nitamwambia nini?

Leo mama mkwe alifika kutoka Katangi akauona mara moja. Akavuta kila droo, akagonga mbao.

Kisha akakanda unga wa chapati juu ya kaunta kwa nguvu zake zote, akasukuma na kile kifimbo chake anachokirudisha kwa mkoba wake kila akimaliza. Hakuna kilichotikisika.

"Hii imeshika," akasema. "Huo mlango nitamwambia mwanangu aurudie."

Afadhali yeye.

Ameshalala. Nimefungua droo kutafuta kijiko, nikapata kifimbo chake humo, kimeoshwa, kando ya miiko yangu.