Jibu la Baba kwenye Simu

Mbinga mjini,
Jumatatu, 11 Agosti 2025.

Kwako Kaka Nicholaus,

Shikamoo. Naamini karatasi hii itakukuta una nguvu, wewe na wifi Glorious na watoto, na kwamba ile presha yako imeshuka tangu upunguze chumvi. Huku tunasukuma siku. Goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi za stoo, ila duka nafungua saa moja kamili kama kawaida, maana goti halilipi kodi ya fremu. Baridi ya mwaka huu imekaa sana. Hata Lundo kule ziwani watu wanavaa masweta.

Utashangaa kwa nini nimeandika na kumpa kondakta wa basi la Songea wakati simu ninayo. Kwenye simu unanikatiza, kaka. Na kwenye kundi la familia kila neno langu mdogo wetu Hamphrey analijibu kabla hajamaliza kulisoma. Naomba uisome hadi mwisho, hata ukikasirika katikati.

Uliniagiza niandike historia ya wazazi, ukurasa mmoja, isomwe kwenye misa ya jubilei yao ya miaka hamsini ya ndoa mwezi ujao. Ulisema niandike mimi kwa kuwa niko karibu. Kukaa karibu ndiyo kazi yangu tangu nilipomaliza darasa la saba, wewe ukabaki sekondari na mimi nikabaki kushika midomo ya magunia kwenye mashine ya kusaga ya baba. Kwa hilo sikulaumu. Ada ilitosha mtu mmoja, hata mimi ningepiga hesabu hiyohiyo. Lakini duka hili la vifaa vya ujenzi nimelianza na ndoo mbili za misumari, na hakuna aliyenichangia. Kwa hiyo nikisema nimechoka, usinijibu kwamba wanawake ndivyo tulivyo. Fungu langu la jubilei nimeshalipa, pamoja na keki ya laki tatu na nusu ya wazee wasiokula sukari. Sasa nipe nafasi.

Historia yenyewe ni hii. Baba alikuwa kijana wa Matiri mwenye kipande cha kahawa na suruali moja ya kanisani. Mama alikuwa binti wa Lundo aliyepanda mlima na usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, kichwani, akiwabadilisha kwa mahindi na maharage. Baba alipomwoa, watu wa mlimani walimcheka kwamba ameleta mwanamke wa ziwani asiyejua ngolo. Unakumbuka ngolo zinavyolimwa: mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, mwanamke anafuata nyuma anachimba shimo katikati na kuzifukia kwa udongo. Mwaka wa kwanza mama alifukia ovyo, mvua ikabeba nusu ya shamba. Shangazi zake baba wakaja kutazama, wakaulizana kwa sauti kama samaki nao wanapandwa. Baba aliwapa kisogo. Alirudi naye hadi mstari wa kwanza, akalaza nyasi upya, akasimama kumngoja kila shimo. Mama anasema pale ndipo alipoamua kwamba na mtu huyu atafanya kazi yoyote.

Injini ya mashine ya kusaga waliinunua kwa Mzee Ausi, mwenye duka hapa mjini, aliyetaka kurudi kwao pwani. Waliilipa kwa kahawa na usipa wa misimu mitatu. Kutoka barabarani ilibebwa kwa miti na wanaume kumi na wawili, mama akitangulia na ndoo ya togwa. Akitaka wasogee, anasogeza ndoo. Siku ya kwanza mkanda ulikatika kabla debe moja halijaisha, na watu wakaenda zao na mahindi yao wakisema sisi Wamatengo hatuna bahati na vyuma. Waliufunga upya. Tangu hapo baba akawa wa hendeli na mashine, mama wa kupokea mahindi, kupanga foleni na kushika hesabu. Watoto watano tumekua kwa unga wa watu wengine. Nguzo za umeme zilipofika Matiri, wenye mashine za mota walishusha bei, lakini wateja wa baba hawakuhama, kwa sababu unga wake ulikuwa laini. Aliisikiliza ile mashine kama mtu anavyomsikiliza mtoto mgonjwa. Kwa mlio tu alijua nyundo zimelika au chujio limetoboka.

Hapo ukurasa wa misa umetosha. Yanayofuata si ya kusomwa kanisani, ni ya kwako.

Pasaka Hamphrey alilala Matiri siku mbili, akarudi na hadithi zake. Kwamba mama anamfokea baba mbele ya foleni nzima. Kwamba anampiga begani kama mtu anayemfukuza mbuzi. Kwamba padre alipomuuliza baba kuhusu jubilei, mama ndiye aliyejibu, na baba amebaki na maneno mawili tu mdomoni: sawasawa, na muulize mama. Nami hayo niliyajua. Matiri nzima wanamwita Mzee Muulize-Mama. Vitalis, yule fundi baiskeli, husimama kwenye foleni akatangaza kwamba Mzee Antoni akitaka kupiga chafya huomba kibali kwanza, na kwamba siku Mama Kunigunda akisafiri, mzee atakufa na chafya kifuani. Watu wanacheka, baba naye anacheka nao.

Ndipo mkakaa kwenye kundi mkaamua kumwokoa baba. Baada ya misa ya jubilei mama aingie kwenye gari lako, akaishi Songea, apumzike. Mashine ikodishwe kwa kijana wa hapa mjini atakayefunga mota, baba awe anakaa nje anapokea kodi. Mimi sikujibu, mkahesabu kimya changu kuwa ndiyo. Ukampigia baba mwenyewe, ukarudi ukatuambia kwamba umemweleza kila kitu taratibu, naye amesema sawasawa mwanangu, sawasawa. Mama naye hakubisha. Wewe ukaandika kwamba kumbe wazee ni waelewa kuliko tulivyodhani.

Jumatano iliyopita nilikwenda Matiri kumuuliza baba mambo ya historia. Mama alikuwa kwenye jumuiya. Injini ilikuwa imezimwa, baba ameinama anapaka grisi, mgongo kwangu. Nilimwamkia. Nilimwamkia tena kwa sauti. Nikamwita kwa jina la ubatizo, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani, naye akaendelea kuimba wimbo wa kwaya, amepotea kabisa kwenye sauti. Nilipotokea mbele yake alifurahi, akanishika mikono. Nikamuuliza injini waliinunua mwaka gani, akanijibu kwamba mahindi ya Lipingo mwaka huu yana wadudu.

Kaka, baba hasikii. Si kwamba anasikia kidogo. Hasikii.

Mama aliporudi alinitazama usoni, akajua. Akanivuta hadi jikoni, akafunga mlango. Akasema lilianza sikio la kulia, mwaka Hamphrey anafanya mtihani wa kidato cha nne, yaani miaka tisa sasa. Walikwenda hospitali wakaambiwa ni kelele za mashine, na kilichokufa hakirudi. Walipewa kifaa cha kuvaa. Baba alikivaa siku mbili, injini ikampigia kichwani kama nyundo, kikaishia kwenye kopo la chumvi. Akamwomba mama jambo moja, watoto wasijue. Alisema wakijua watamwondoa mashineni, kwa kuwa msagaji asiyesikia ni mtu wa kukatwa mkono. Mama akakubali. Tangu siku hiyo anasimama pale ambapo midomo yake inaonekana, anafoka ili baba aone neno. Kumgonga begani ni kumwambia mahindi yamekwisha kwenye mdomo wa mashine, au mlio umebadilika. Mlio anausikiliza yeye. Unga mliokuwa mnausifia miaka tisa hii, masikio yake ni ya mama.

Nikamuuliza kwa nini basi amekubali kwenda Songea. Akasema kukataa kungemlazimu aeleze sababu. Nikamuuliza baba anajua nini kuhusu safari. Akasema siku ile umepiga simu, baba aliishika sikioni kwa heshima, akaona midomo ya mama ikimwambia itika, akaitika. Baadaye amemwambia kwamba unamchukua yeye mama akapimwe macho, wiki mbili, atarudi. Nilimwambia kwamba watu wanamwita mwanamke mkali kijiji kizima, na wanawe tumeamini. Akasema afadhali waseme yeye mkali kuliko waseme mumewe kiziwi, kisha akanikataza nisifungue mdomo, akaenda kuchota maji.

Sasa nikuambie nililolifanya. Nilirudi mashineni. Unga ulikuwa umetanda juu ya lile boksi la vyuma vya baba. Nikaandika kwa kidole: Nicholaus anamhamisha mama Songea, harudi. Baba akasoma. Akauliza, kwa ile sauti yake kubwa ambayo siku zote nilidhani ni ya mashine, nani amekubali jambo hilo. Nikaandika: Wewe.

Aliyasoma maandishi yale mara ya pili, herufi kwa herufi. Kisha akayafuta kwa mkono wa shati, akatoka nje kwenye foleni. Hakuna aliyemtuma. Aliwaambia watu kwamba yeye hasikii, mwaka wa tisa sasa, na kwamba Kunigunda ndiye amekuwa akisikia kwa niaba yake na kutukanwa kwa niaba yake. Akaongeza kwamba mwenye utani aulete, ila asimame mbele yake ausome midomoni. Vitalis alikuwepo na debe lake. Alitazama chini. Baba akamwambia aache kuinamisha kichwa, hivyo hataonekana akisema nini. Wakacheka wachache, Vitalis mwishowe akacheka, akaomba radhi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amejifunika mdomo.

Mama alirudi na ndoo kichwani akakuta wateja wote wanamwamkia kwa unyenyekevu kama askofu. Akajua ni mimi. Hajanisemesha tangu siku hiyo. Usipa niliowapeleka aliwarudisha kwa basi, na salamu kwamba yeye hali samaki wa mtu asiyetunza neno. Nimekubali. Nimezoea kubaki na deni la wengine, hili angalau nimelikopa mwenyewe.

Baba anasema anaweza kuacha mashine, kama ndiyo bei. Anasema iuzwe, hata kesho, atarudi shambani ambako hakuna mlio wa kusikiliza. Lakini yeye baba hamwachi mama aende. Hilo ndilo alilosema, na safari hii nilihakikisha ameelewa swali.

Kwa hiyo jubilei ije, keki iliwe, ila kijana wa mota umjibu wewe mwenyewe uliyemwita. Na kama bado unaona mama ahamie kwako, usinitume mimi wala Hamphrey, wala usipige simu. Mwandikie baba. Andika herufi kubwa, uweke wazi unachomwomba, utie sahihi, umpe nafasi ya kukujibu kwa mkono wake. Macho yake hayana tatizo.

Msalimie wifi Glorious, mwambie kitenge cha sare nimekipata, rangi ile ile. Watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Kondakta nimeshamlipa, usimpe kitu.

Mdogo wako,
Lidia