Marehemu Kwenye Boti

Al Wakrah, 2014

Dada Mwanaidi,

Natumai wewe, shemeji na kichanga chenu hamjambo. Huku ni joto tu. Madam anapanga safari ya Brazili, wakatazame chui na mamba kwenye vinamasi vya Pantanali, nami niwashikie watoto.

Leo kanionyesha picha ya boti tutakayopanda. Dada, nahodha ni Kombo! Mumeo wa kwanza, yule aliyezamia meli tukaambiwa katupwa baharini. Kovu la shavuni ni lile lile, na anacheka! Sahani ilinitoka mkononi.

Hitima tulimsomea, eda ukakaa, nguo zake tukagawa.

Sijamwambia mtu. Tunaondoka Ijumaa. Nikimkuta, nimwite shemeji au marehemu?

Mdogo wako,
Tatu