Gauni Linalobana Kwapani

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaharibu gauni jingine, na tafadhali usicheke, ingawa mwenyewe naandika huku nacheka na wateja wananitazama.

Mimi ni fundi cherehani wa nguo za kike, niliachana na mzazi mwenzangu binti yetu akiwa darasa la kwanza, tukaamuliwa kwamba yeye akae na mtoto na mimi nilipe ada, nitoe matumizi na nimvishe mpaka afikishe miaka kumi na minane, na sijawahi kukwepa, sitaki sifa ila ukweli usemwe. Hiyo ya kumvisha ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu mtoto alirefuka mpaka mtaa mzima ukamwita Mlingoti, na kila akirefuka lazima baba aje na futi shingoni ampime, na baba akija anakaribishwa chai, na kwenye chai ndipo nilipopata habari zote, nani rafiki, nani wamenuniana, mwalimu gani ana kisirani, na hata mama yake, tuliyeachana tukirushiana maneno, akazoea kunisogezea kiti. Basi mshauri, alipofika miaka kumi na sita Mlingoti akaacha kurefuka. Nilipima mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hola. Na mtu ambaye vipimo vyake havibadiliki hana haja ya kupimwa, nguo zake unampa mtu tu ampelekee.

Ndipo nikaanza ujinga. Nikamshonea gauni la kumbana kwapani. Kidogo tu, na kidogo tena nikizidiwa na hamu ya kumwona, mikono nayo nikaifupisha, hata sare aliyofanyia mtihani wa mwisho sikuihurumia. Akivaa anapiga simu, nami naitikia kwa sauti ya kushangaa, "Imebana? Haiwezekani! Ilete dukani niitazame." Anajibu, "Aa baba, njoo tu wewe, maji ya chai yako jikoni." Nafunga duka natimua mbio. Mama yake ameanza kushtuka, juzi alisimama mlangoni mkono kiunoni akaniuliza, "Hivi fundi, wateja wako wengine wanapumua?" Na mambo yamezidi, kwa sababu nyuzi za siku hizi nazo ni feki, pindo la sketi yake limefumuka kutoka mwanzo hadi mwisho, safi kabisa, utadhani limepitishwa wembe, baadaye zipu ikang'oka vivyo hivyo, wakati nguo za wateja wengine wala hazina shida, nimegombana na muuza nyuzi mpaka hatusalimiani.

Sasa mwezi ujao Mlingoti anatimiza kumi na minane. Na amefaulu! Amepata chuo, anakwenda kusomea upimaji wa ardhi, niliposikia nilirukaruka dukani nikalikumbatia sanamu la kuonyeshea nguo mpaka likachomoka mkono. Lakini mama yake akaniambia kwa upole, "Baba Mlingoti, wajibu wako umeumaliza, hatukudai tena," na mwenzangu wa dukani, tunayemwita Bwana Pasi kwa kuwa ndiye anayenyoosha nguo, akanipigia makofi, "Umetua mzigo kaka, sasa nunua cherehani ya umeme!" Na kweli naitamani. Nilifurahi mpaka jioni, kisha nikaona kwamba nisipodaiwa sina cha kunipeleka pale, na moyo ukaniuma sana. Je, kisheria nimemaliza? Nikiendelea kutoa, haitaonekana najipendekeza kwa mtalaka wangu? Na huyu mtoto nitamwonaje?

Ni mimi,
Fundi Futi

*

Fundi Futi,

Umeniomba nisicheke, nikajikaza mpaka ulipofika kwapani. Basi nimecheka, na sasa nakasirika. Mtoto amefanya mtihani wa mwisho akiwa hawezi kuinua mkono kuomba karatasi ya ziada, eti kwa sababu baba yake anaona haya kumwambia "nimekukumbuka mwanangu"! Una bahati amefaulu.

Mambo ya sheria usimuulize Bwana Pasi, yeye mwache anyooshe nguo. Chukua uamuzi wenu wa talaka uende nao ofisi ya ustawi wa jamii au kwa wakili, uulize kama mtoto anayeendelea na masomo bado anahesabiwa. Lakini hata wakikwambia umemaliza, nijibu wewe: asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa ataamka na mshahara? Ataamka na njaa ile ile ya jana, na chuo kinamsubiri. Kaeni watatu, wewe, mama yake na yeye mwenyewe, maana huyo si wa kusemewa tena, mpange nani atabeba nini na mpaka lini. Cherehani ya umeme itangoja. Hiyo ya miguu imemfikisha chuoni, haitashindwa kummalizia.

Na wala hujipendekezi kwa mtu, unasomesha mwanao. Mama yake akikusogezea kiti, kaa, kunywa chai, shukuru. Kama kuna jingine kuhusu hicho kiti hujaniuliza, na mimi sijibu nisichoulizwa.

Nguo zote zilizobana zikusanye uzipanue, bure, na umweleze kwa nini zilibana. Ndiyo, kwa mdomo wako mwenyewe.

Halafu kamwombe radhi muuza nyuzi. Wewe fundi mzima, uzi mbovu unaujua, hukatika hapa ukashika pale. Haukatiki safi kutoka mwanzo hadi mwisho, tena kwenye nguo za mtu mmoja tu, tena mtu ambaye ukimwambia azilete dukani hataki. Katika nyumba ile kuna mtu ana wembe, ni mrefu, na alishagundua zamani kwamba pindo likifumuka baba anakuja.

Jumamosi hii nenda. Futi iache dukani. Akikuuliza umefuata nini, mwambie, "Nimekufuata wewe."