Neema Kambeba Mdogo Wake

Jumanne, Glasgow

Kumbeba mdogo wako mgongoni ni kosa gani? Kwetu Kasulu nani angeshangaa? Mwanangu Neema ana miaka minane. Jana alimfunga mtoto kwa kitenge changu, akaenda dukani kununua maziwa. Jirani, ambaye hajawahi hata kunisalimia, akapiga simu.

Leo kaja mama wa ustawi wa jamii, mpole mno. Mimi akaniacha jikoni, akafunga mlango wa sebuleni, wakaongea wawili, yeye na Neema. Nilimsikia mwanangu akicheka.

"Umemwambia nini?" nilimuuliza mgeni alipoondoka.

"Nimekusifia, mama. Umenifundisha kupika, kumwogesha mtoto, na kulala naye wenyewe ukiwa zamu ya usiku. Ameandika yote."

Wakati wa kuaga yule mgeni alisema kesho watarudi wawili.

Neema anauliza tuwapikie nini.