Mota Mbili, Shafti Moja

Kwa Mama Ezra, mke wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mkono unaonukia majani chai. Nanawa kwa sabuni lakini harufu haitoki. Mwili wangu ni mzima. Je, kifua cha mama kimetulia? Na Ezra, bado anatambaa au amesimama? Nikiuliza hivyo namwona kabisa, ameshika mguu wa meza.

Ukungu wa huku Kericho hukaa mpaka saa tatu. Wachumaji wakiingia shambani unaona vichwa na vikapu tu, vinaelea. Hapo mtu huota akiwa macho, na kuota huko nusura kuniharibie kazi.

Ile injini ya mafuta imeondolewa. Sasa kuna mota mbili kubwa za stima, moja kila upande wa kiwanda, na zote, kwa mikanda, zinazungusha shafti moja ndefu ya chuma inayoendesha mashine za kusaga majani. Kila mota ina mkono wa kuwashia, unaosukumwa polepole, hatua kwa hatua. Mimi niko kwa moja, na arap Langat, Mkipsigis wa Sigor, yuko kwa nyingine. Tukienda pamoja, mzigo unagawanyika. Mmoja akitangulia, mota yake inabeba wote peke yake.

Jumatatu kengele ya kuwasha ililia nikiwa mbali sana. Nilikuwa nyumbani, wewe unaanika wimbi uani. Nikashtuka, nikausukuma mkono mpaka mwisho mara moja. Mota ikanguruma, mkanda wa upande wa pili ukaruka ukapita juu ya kichwa cha Langat, kofia yake ikaenda nao. Stima ikazimika kiwanda kizima.

"Ulitaka kuniua?" akaniuliza.

Nikasema mota ni mbovu. Tangu hapo hakuitikia salamu yangu. Tulijaribu kuhesabu "moja, mbili," lakini kila mtu alihesabu kwa hasira yake, na stima ikazimika tena na tena. Majani yakaanza kupata moto ndani ya magunia. Alhamisi fundi mkuu akasema, "Kesho ikishindikana, nyote wawili mtafute kazi kwingine."

Asubuhi nikavuka upande wa Langat.

"Mota haikuwa mbovu," nikamwambia. "Ni mimi. Akili yangu ilikuwa kwa bibi yangu."

Akaniuliza, "Wewe ni mtu wa kanisa?"

"Ndiyo."

Akaanza wimbo wa kanisa kwa Kikipsigis. Niliutambua kwa mahadhi yake, nikaushika kwa lugha yetu, Kimaragoli. Nikarudi kwa mota yangu tukiimba, na kila mwisho wa mstari tulisukuma hatua moja. Mama Ezra, shafti iliamka kama mtu anayejinyoosha kitandani! Taa hazikufifia. Mngurumo wa mota zote mbili ukawa mmoja, mzito, mtamu, hata nikasahau kuacha kuimba.

Langat akaja akanishika bega. "Huyo bibi anaitwa nani?"

"Rasoa," nikamtajia jina lako.

"Basi mlete huku, kabla hajaniua."

Nimeomba nyumba kwenye laini, safu za nyumba za wafanyakazi, na nimepewa, chumba kimoja na jiko. Kwa hivyo njoo na Ezra, mkishamaliza kuvuna. Langat amesema maziwa ya mtoto nisiyatafute kwa mtu mwingine.

Nisalimie mama, ndugu yangu mdogo anayetulindia boma, na shangazi anayekusaidia kuteka maji. Waambie sitawasahau, ila wewe nakuhitaji huku.

Mumeo anayekungoja,
Elisha