Surua ilimwacha Mado mgeni duniani

Kapata, Jumanne. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na matope mekundu yameingia hadi kibarazani kwa dada yangu Bea. Nimekaa hapa na simu, naandika. Leo sina vichekesho.

Ninyi munaonisoma munanijua. Nimefika Lusaka, Dar, hata Dubai, ijapokuwa shule niliiachia mlangoni mwa sekondari. Pale depo, tunaponunulia mawe ya wachimbaji, naangalia jiwe mara moja na kukuambia kama ni kobalti au takataka. Mashine ya kupima inakuja nyuma yangu, kukubali tu.

Lakini wiki iliyopita tulimzika Mado, binti wa Bea.

Alikuwa na miaka minne. Aliugua surua, akapona. Siku alipotoka nje, ngozi ikiwa bado inabambuka, nilimweka mabegani nikamzungusha depo nzima. "Muangalie teneur ya huyu!" nilipiga kelele. Teneur ndiyo ubora wa jiwe. "Hakuna ugonjwa utamuweza tena!" Wachimbaji walicheka, wakaanza kutaja bei. Ndivyo tulivyoamini sote: mutoto aliyepita surua amekwisha kupimwa, amekuwa mgumu.

Kisha homa ya mapafu ikamchukua.

Jana mama muuguzi wa kituo cha afya alinieleza, nikamwomba arudie. Mwilini kuna askari wengi ajabu, na kila mmoja anazaliwa akiijua sura moja tu ya adui. Ni kama depo yenye wanunuzi wasiohesabika, kila mmoja anajua jiwe moja tu. Wengi watakufa bila kuliona jiwe lao. Lakini akilikuta, anajizidisha, anakuwa jeshi. Wengine wanaua chembe za mwili zilizoingiliwa, wengine wanatoa kitu cha kumnasa adui asipate pa kushika. Vita ikiisha, wanabaki wazee wachache wanaokumbuka. Adui akirudi, hawapotezi muda kumuuliza jina.

Na surua inaua wazee hao. Mado alibaki anaijua surua yenyewe, lakini mengi aliyokwisha kuyashinda yalifutika. Nasi tulikuwa tunamtembeza kwenye vumbi na vikohozi vya watu.

Miaka minne, na mgeni tena duniani.

Bea ana mwingine, Trezor, ambaye umri wake wa chanjo ya surua umefika. Leo asubuhi alimfunga mgongoni, akakataa kusimama twende kituoni.

"Yaya," aliniita, mimi mkubwa wake, "Mado alishindaka surua, na bado alikufa. Sasa sindano ya surua ni ya nini?"

"Ndiyo sababu yenyewe, Bea. Ile surua ya mu sindano wameivunja nguvu. Inaonyesha askari sura ya surua, lakini haiue wazee."

"We na kinywa yako! Hata siku ya depo ulisemaka muzuri."



Nikaketi chini karibu naye. "Ni kweli. Siku ile nilisemaka kitu nisichokijua. Jana niliuliza kwanza."

Kisha akafungua kitenge, akanipa mtoto. "Mubebe we. Mi nitabaki inje."

Kituoni, Trezor alipochomwa sindano alilia hadi akina mama kwenye foleni wakacheka. Dirishani nilimwona Bea amesimama kwenye mvua, amefunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Tangu maziko hakuwa ametoa hata chozi.

Muuguzi amesema joto la mwili linaloletwa na sindano, kama litakuja, litakuja wiki ijayo, na mara nyingi ni dogo. Atakayelia ni Bea. Akigusa paji la uso la mtoto na kukuta ni la moto, atafikiri yameanza upya.

Wiki ijayo nilikuwa na safari ya Fungurume kufuata mawe. Nimewaambia wenzangu waende. Lazima awepo mtu hapa wa kukaa na dada yangu, na nafikiri safari hii ninaweza kukaa bila kusema neno.